Mdogo wangu anasema kupiga kura ni shirki, jirani anasema Uislamu wenyewe ni siasa

*Assalaamu alaykum ustadhi. Mimi ni Mwislamu, nina duka la vitenge hapa Moshi mjini. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 22, alikwenda Arusha kufanya kazi gereji. Tangu arudi nyumbani Iddi iliyopita amebadilika. Sala tano anaswali jamaa, na kwa hilo mama anamshukuru Mungu. Lakini anasema kupiga kura ni shirki, yaani kumshirikisha Mungu, Bunge ni twaghuti, yaani kinachotiiwa badala ya Mungu, na baba yetu, ambaye ni mjumbe wa serikali ya mtaa, anamtumikia twaghuti. Mjomba wetu Mlutheri alipofariki kule Machame alikataa kwenda kuzika. Amenionyesha klipu kwenye simu, inasomwa aya kwamba wasiohukumu kwa aliyoyateremsha Mwenyezi Mungu ndio makafiri. Anasema Uislamu bila dola ni nusu dini. Jirani yangu wa duka ni Mkristo, tunapendana sana, nilipomweleza akasema: "Mdogo wako ndiye mkweli. Uislamu wenyewe ni siasa, ninyi wengine hamjaisoma dini yenu." Usiku ule nililia. Je, mtu anaweza kuwa Mwislamu kamili bila kutaka dola ya Kiislamu? Na aliyepotea ni mdogo wangu, au ni sisi?*

Wa alaykumu salaam, dada yangu.

Nianze na lililokuliza usiku. Ndiyo, mtu anakuwa Mwislamu kamili bila kuitaka dola ya Kiislamu. Nguzo za Uislamu ni tano na za imani ni sita, na hakuna hata moja inayomtaka muumini awe na serikali ya aina fulani. Hivyo ndivyo walivyoishi na kufa Waislamu wengi wa nchi hii, wakiwemo mashehe waliowafundisha babu zetu kusoma alifu. Baba yako hajatoka katika dini kwa kukaa kwenye meza ya serikali ya mtaa na kugonga muhuri barua za watu wanaotafuta vitambulisho.

Swali la pili linahitaji maneno mengi zaidi, kwa sababu mdogo wako hakuzua haya kichwani mwake. Ameyapokea, na waliompa wana historia.

Kwanza tazama jambo moja. Mdogo wako na jirani yako wanadhani wamesimama pande mbili, kumbe wanakubaliana. Wote wawili wanasema Uislamu wa kweli ni mradi wa kuitwaa dola, na Mwislamu asiyeutaka mradi huo ama ni mnafiki ama hajasoma. Mmoja anasema hivyo kwa mapenzi, mwingine kwa hofu. Ninafundisha historia ya fikra za Kiislamu, na ninakuambia wote wawili wameichukua itikadi iliyozaliwa karne ya ishirini, yenye waasisi wanaojulikana kwa majina, wakaivisha kanzu ya dini yenye miaka elfu moja na mia nne.

Hata hivyo tusidanganyane. Wapo wanaojibu swali kama lako kwa kusema Uislamu hauna lolote na siasa, ni sala na tasbihi tu. Hilo nalo si kweli, na kijana mwenye akili atakushinda nalo kwa dakika tano. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliongoza mji wa Madina, aliandikiana mkataba na makabila yake, Wayahudi wakiwemo, alihukumu kesi na alituma mabalozi. Qur'ani inazungumzia mirathi kwa mafungu yake, inakataza riba, inaamrisha uadilifu hata kwa mtu unayemchukia, na katika Sura ya 42 inawasifu waumini ambao mambo yao huendeshwa kwa kushauriana. Dini hii ina la kumwambia mtawala. Ambacho haina ni ramani moja ya dola, na ushahidi wa hilo uko kwenye tukio la kwanza kabisa baada ya Mtume kufariki mwaka 632. Kwa mujibu wa Sunni, hakuacha maelekezo ya namna ya kumpata mtawala. Abubakar alipatikana kwa mabishano na kiapo cha utii kwenye ukumbi wa Bani Saida. Umar aliteuliwa na Abubakar. Uthman alichaguliwa na jopo la watu sita. Ali alipewa kiapo Madina katikati ya fitina, Uthman akiwa ameuawa. Makhalifa wanne waongofu, njia nne. Watu waliokula na kuswali na Mtume hawakuwa na kitabu cha mfumo wa serikali mkononi, walijitahidi kwa akili zao.

Sasa tuje kwenye klipu. Kwa ulivyonieleza, aya inayosikika ni lile fungu la mwisho la Aya ya 44 ya Sura Al-Maida. Fungua msahafu wako uisome yote. Inaanza kwa kueleza kwamba Mwenyezi Mungu aliiteremsha Taurati ndani yake mkiwa na uongofu na nuru, na kwamba Manabii na wanazuoni waliwahukumu Mayahudi kwayo. Ndipo linakuja lile fungu. Aya mbili zinazofuata karibu nayo, ya 45 na ya 47, zinamwita mtu wa namna hiyo dhalimu, kisha fasiki. Aliyetengeneza klipu amekata mwanzo, na hayo mengine mawili hakuyagusa.

Wafasiri wa zamani hawakuiruka aya hii. Ibn Abbas, binamu yake Mtume na mwalimu mkubwa wa tafsiri, imepokewa kwake kwamba ukafiri uliotajwa hapo si ule unaomtoa mtu katika dini. Ni dhambi, na inaweza kuwa dhambi nzito, lakini mwenye kuitenda anabaki Mwislamu, mkewe ni wake, akifa anaswaliwa. Hakimu aliyepindisha hukumu kwa sababu ya rushwa atajibu kwa Mola wake, ila huwezi kumvua Uislamu kwa hilo. Msimamo huu ndio uliobebwa na wanazuoni wakubwa wa Kisunni karne kwa karne, pamoja na wa Kisalafi, wale wanaotaka kurudi kwenye mwenendo wa Waislamu wa mwanzo, ambao mdogo wako huenda anawaheshimu kuliko mashehe wetu wa maulidi.

Yuko mwingine anayetolewa sana kwenye darasa hizi, naye ni Nabii Yusuf. Utasikia wanasoma kutoka sura yake: hapana hukumu ila ya Mwenyezi Mungu. Ni maneno ya kweli kabisa. Yusuf aliyasema gerezani, Aya ya 40, akiwaambia wafungwa wenzake waache kuabudu majina waliyoyatunga wao na baba zao. Nakuomba usiishie hapo, ufike Aya ya 55. Yusuf huyohuyo anamwambia mfalme wa Misri, asiyekuwa wa dini yake, amweke juu ya hazina za nchi, kwani yeye ni mlinzi mjuzi. Akasimamia nafaka za nchi ile kwa miaka ya shibe na miaka ya njaa. Na Aya ya 76 inataja kwamba nchi ile ilikuwa na sheria ya mfalme, na kwamba kwa sheria hiyo Yusuf asingeweza kumzuia ndugu yake. Aliishi ndani ya mfumo ule, akautumikia, watu wakala. Kama kazi ya serikali isiyo ya Kiislamu ni kumtumikia twaghuti, mtume wa Mwenyezi Mungu tumweke wapi? Mwulize mdogo wako swali hilo kwa upole, umwache alale nalo.

Na maswahaba wa mwanzo, Makka ilipowabana, Mtume aliwatuma wapi? Aliwatuma Uhabeshi kwa Najashi, mfalme Mkristo, kwa sababu kwake mtu hadhulumiwi. Baadhi yao walikaa huko hadi mwaka wa saba wa Hijra, Madina ikiwa tayari mji wa Waislamu. Hakuna aliyewaambia dini yao ni nusu.

Kauli ya kwamba hakuna hukumu ila ya Mungu ilishawahi kugeuzwa kuwa bendera. Mwaka 657, baada ya vita vya Siffin, kundi la askari wa Sayyidna Ali lilimwasi kwa sababu alikubali mgogoro uamuliwe na watu. Wakapiga kelele maneno hayohayo msikitini. Ali alijibu kwamba ni neno la haki linalokusudiwa batili. Wakamkufurisha, yaani wakamtangaza kafiri, yeye aliyelelewa nyumbani kwa Mtume, na mwaka 661 mmoja wao akamuua Kufa. Hao ndio Khawariji. Tangu hapo wanazuoni wetu huogopa mlango wa kukufurisha kuliko milango mingi, maana walishaona unakoelekea.

Basi kama dini ni ya zamani, hii itikadi imetoka wapi? Hapa ndipo pana faida kubwa kwako, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kwa karne nyingi, katika nchi za Waislamu, sheria haikuwa mali ya serikali. Ilitoka kwa wanazuoni waliokaa misikitini, wakabishana, wakatofautiana, zikazaliwa madhehebu. Sultani alikuwa na jeshi, kodi na amri zake, lakini hakuwa na uwezo wa kuamka asubuhi akaandika fiqhi, yaani sheria za dini. Imepokewa kwamba khalifa alitaka kitabu cha Imamu Malik kiwe sheria ya dola nzima, na Malik mwenyewe akakataa, akisema maswahaba walitawanyika miji mbalimbali na kila watu wana elimu iliyowafikia. Imamu Ahmad bin Hanbal naye alifungwa na kuchapwa mijeledi kwa sababu khalifa wa Baghdad alitaka kuwalazimisha wanazuoni itikadi rasmi kuhusu Qur'ani, jambo lililoanza mwaka 833. Ahmad alishikilia kauli yake. Dini ilinusurika kwa watu waliokataa kuikabidhi kwa mtawala, na khalifa aliyewachapa alijiita amiri wa waumini.

Kisha ukaja ukoloni. Waingereza wakakaa Misri na Bara Hindi, Wafaransa wakachukua Algeria na Tunisia, huku kwetu wakaja Wajerumani. Mahakama za zamani zikavunjwa au zikabakiziwa ndoa na mirathi. Mwezi Machi 1924 Bunge la Uturuki likafuta ukhalifa wenyewe. Mwislamu wa mjini Cairo au Lahore aliamka akakuta kila kitu kikubwa maishani mwake kimeandikwa na mtu mwingine. Machungu yale yalikuwa ya kweli.

Mwaka 1928, katika mji wa Ismailia kwenye Mfereji wa Suez, ambako kampuni ya mfereji na askari wa Kiingereza ndio waliokuwa mabwana, mwalimu wa shule aitwaye Hassan al-Banna alianzisha Ikhwani Muslimina, yaani Udugu wa Kiislamu. Hakuwa mwanazuoni wa Al-Azhar, chuo kikongwe cha dini cha Cairo. Alisema Uislamu ni mfumo kamili, dini na dola. Mwaka 1941 huko Lahore mwandishi wa habari, Abul A'la Mawdudi, akaanzisha Jamaat-e-Islami, naye ndiye aliyeipa nguvu ile hoja kwamba mamlaka ya kutunga sheria ni ya Mungu peke yake na anayeyatwaa anamshirikisha. Sayyid Qutb wa Misri, mwalimu na mhakiki wa fasihi, aliichukua hoja hiyo akaisukuma mbali zaidi. Alifungwa mwaka 1954 na serikali ya Gamal Abdel Nasser, aliona mateso makubwa gerezani, na kutoka humo akaandika kwamba jamii zote za leo, hata zinazojiita za Kiislamu, zimerudi kwenye ujahili wa kabla ya Mtume. Alinyongwa mwaka 1966. Maneno mengi ya mdogo wako, twaghuti, ujahili, hukumu ya Mungu, yana chimbuko kwenye Qur'ani, lakini mpangilio anaoyapanga ni wa watu hawa.

Pengine hajaambiwa kilichofuata. Chama cha Mawdudi kimeshiriki uchaguzi wa Pakistan mara nyingi, na mwaka 1965 Mawdudi mwenyewe alimuunga mkono Fatima Jinnah, mwanamke, kugombea urais. Ndani ya Ikhwani, kiongozi wao wa pili, Hassan al-Hudaybi, kwa jina lake lilitoka andiko la kupinga kuwakufurisha Waislamu, likisema kazi yao ni kulingania, si kuhukumu. Na mwaka 2012 mtu wao Mohamed Morsi alichukua urais wa Misri kwa masanduku ya kura. Kwa hiyo kauli ya kwamba kupiga kura ni shirki si kauli hata ya wengi wa wanaotaka dola ya Kiislamu. Ni ya pembe moja yao.

Upande wa pili, mwanazuoni wa Al-Azhar, Ali Abdel Raziq, aliandika mwaka 1925 kwamba ukhalifa si sehemu ya dini na Mtume alikuja na ujumbe, hakuja kuasisi ufalme. Al-Azhar walimvua cheo chake cha uanazuoni. Sikubaliani na kila alichoandika, naona alipunguza mno nafasi ya Madina. Ninamtaja ujue kwamba mjadala huu una pande zaidi ya mbili, na wote waliokuwemo waliswali.

Mizani ya uaminifu inataka tuangalie pia matokeo, na mfano ulio jirani yetu ni Sudan. Tarehe 30 Juni 1989 Omar al-Bashir alichukua nchi kwa mapinduzi, nyuma yake akiwepo Hassan al-Turabi, mmoja wa wasomi wakubwa wa harakati hii duniani. Walipata walichokitaka: dola, jeshi, mahakama, shule. Wakawa nayo miaka 30. Kusini ikajitenga mwaka 2011, Darfur ikaungua, na Desemba 2018 bei ya mkate ilipopanda watu wa Atbara wakaingia barabarani. Waliotoka walikuwa Waislamu, vijana waliosomeshwa na mfumo uleule tangu chekechea. Aprili 2019 Bashir akaanguka. Ninapowasikia vijana wakisema tukipata dola ya Kiislamu dhuluma itakwisha, Sudan ndiyo inayonijia. Serikali ni watu, na ufisadi wao ukishapewa jina la dini, anayeulalamikia huonekana anamlalamikia Mungu. Baadaye, uvumilivu unapokwisha, wapo wanaoichukia dini yenyewe. Hilo ndilo linaloniuma zaidi katika jambo hili lote.

Tunisia walifika mahali pengine. Chama cha Ennahda cha Rached Ghannouchi kilishinda uchaguzi mwaka 2011, kikatawala, kikatoka kwa makubaliano, na katika mkutano wake mkuu wa 2016 kikaamua kutenganisha kazi ya chama na kazi ya kulingania dini. Ilikuwa hatua ya watu waliojifunza ndani ya kazi yenyewe. Yaliyowapata baadaye, viongozi wao wakiwa jela, hayafuti thamani ya uamuzi ule.

Nimegusa nchi za watu, sasa turudi kwetu, kwa sababu mdogo wako hakuvutwa na Lahore. Amevutwa na kitu alichokiona hapa. Waislamu wa Tanzania wana malalamiko yao, mengine ya muda mrefu. Mwaka 1968 jumuiya kubwa ya Waislamu wa Afrika Mashariki, EAMWS, ilipigwa marufuku, Sheikh Hassan bin Ameir akarudishwa Zanzibar, na BAKWATA, baraza kuu la Waislamu wa Tanzania, ikaundwa. Hadi leo wapo wazee wanaosimulia habari hiyo kwa uchungu. Mahakama ya kadhi ipo Zanzibar, Kenya imo kwenye katiba, Tanzania Bara imezungushwa kwenye ilani za uchaguzi na bungeni, na mwaka 2015 muswada wake ukaondolewa. Kudai mahakama ya kadhi kwa ajili ya ndoa, talaka na mirathi si kutaka dola ya Kiislamu. Binti kudai kuvaa hijabu shuleni, mtumishi kudai nafasi ya kuswali Ijumaa, mzazi kuuliza mbona vijana wetu ni wachache chuoni, hayo ni madai ya raia. Katiba yetu inasema nchi hii haifungamani na dini na hapohapo inalinda uhuru wa kila mtu kuabudu, na sheria ya vyama hairuhusu chama cha dini. Ndani ya mpaka huo kuna nafasi pana ya Mwislamu kusema, kuandika, kugombea na kudai. Bibi Titi Mohamed na Waislamu wengi waliojaza mikutano ya TANU walifanya siasa usiku na mchana, na hakuna aliyeacha kuswali.

Ukimwambia mdogo wako kwamba hakuna dhuluma, atakuona mwongo, na yule anayemwambia ipo ndiye atakayemwamini kwa mengine yote. Kubali lililo kweli. Bishaneni kwenye dawa.

Jirani yako naye usimkasirikie. Mtu wa Arusha na Moshi anayo sababu ya kuogopa. Tarehe 5 Mei 2013 bomu lilirushwa kwenye kanisa Katoliki la Olasiti, siku ya kuzindua parokia, watu watatu wakafa. Nani asingebaki na hofu? Lakini mkumbushe kwamba katika miaka ileile masheikh wa Arusha nao walirushiwa mabomu nyumbani kwao, na mwaka 1998 ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa Dar es Salaam waliokufa walikuwa Watanzania wa kawaida, Waislamu miongoni mwao. Mweleze vilevile asipime itikadi kwa ndevu na suruali fupi. Jamaa wa Tabligh unaowaona wamebeba magodoro na masufuria kutoka msikiti mmoja hadi mwingine wana desturi ya kutozungumza siasa kabisa. Masalafi wengi wanafundisha kumtii mtawala na kukaa mbali na vyama. Mwenye itikadi ya dola anaweza akawa amenyoa ndevu, amevaa suti na ana shahada ya uhandisi. Na kutaka dola ya Kiislamu kwa maneno si sawa na kubeba silaha. Wengi wanaoitaka hawajawahi kumgusa mtu. Wanaofika kwenye damu ni wale walioshavuka hatua ya kumtoa mwenzao katika dini. Huyo ndiye aliyefungua mlango wa Khawariji, na ndiyo maana neno lililonishtua kwenye barua yako halikuwa dola. Lilikuwa lile alilosema juu ya baba.

Sasa utafanyaje?

Usiibeze ibada yake. Sala tano za jamaa ni neema, mwambie hivyo, na baba naye amwambie. Vijana wengi huingia huku kwa sababu nyumbani kuna dini ya Iddi na ubani tu, wakakutana na mtu wa kwanza aliyewachukulia dini kwa uzito. Muulize anasoma kwa nani. Kama anasoma kwa simu, mtafutie mwalimu wa ana kwa ana, mtu aliyesoma fiqhi kwa miaka, anayeweza kuulizwa swali na kusema sijui. Fiqhi ya Kishafii ikisomwa kwa utaratibu humtuliza mtu, kwani anakuta kurasa na kurasa za udhu, sala, biashara, ndoa na mirathi, na anakuta kila mahali maneno ya kwamba katika suala hili wanazuoni wametofautiana. Klipu haina nafasi ya kutofautiana, ina sauti moja tu.

Msome naye Aya ya 15 ya Sura Luqman. Inasema hata wazazi wakikushurutisha umshirikishe Mungu usiwatii katika hilo, na ukae nao duniani kwa wema. Hata kama baba angekuwa mshirikina, na siyo, amri ni kukaa naye kwa wema. Kuhusu mazishi ya mjomba, Imamu Shafii na wafuasi wake wanamruhusu Mwislamu kufuata jeneza la jamaa yake asiye Mwislamu. Na katika hadithi sahihi Mtume alisimama jeneza la Myahudi likipita, alipoambiwa huyo ni Myahudi akajibu: kwani si nafsi? Machame mjomba ameshazikwa. Arobaini au matanga mengine yatakuja, na ukoo wa Kichaga usio na Mlutheri, Mkatoliki na Mwislamu ndani yake ni mgumu kuupata. Mwambie aende akakae na watu, chakula kilichochinjwa na Mwislamu kitakuwepo kama kawaida yetu.

Usibishane naye mbele ya watu, wala usimtumie mtu wa kumtukana Uwahabi. Ukimkasirisha mbele za watu umemfungia njia ya kurudi. Baba asimfukuze nyumbani hata akikosewa adabu vipi. Kijana aliyefukuzwa na baba yake anamtafuta baba mwingine, na hao wapo wanaosubiri.

Nisikufiche lakini, mazungumzo ya nyumbani yana kikomo. Akianza kuficha anakokwenda na anaokutana nao, akaacha kazi bila sababu, akauza vitu vyake au kukusanya pesa asizozieleza, akataja kuhama kwenda kwenye nchi ya jihadi, akasema damu ya fulani ni halali, hapo usiendelee kusoma majibu ya mtu kama mimi. Vijana wa Kitanzania wamepotelea Somalia, na wengine Cabo Delgado kaskazini mwa Msumbiji, ambako mapigano yalianza Oktoba 2017, na Oktoba 2020 wapiganaji wa huko walivuka mpaka wakashambulia kijiji cha Kitaya, Mtwara. Siku hiyohiyo nenda na baba au mzee mwingine wa ukoo kwa imamu mnayemwamini, na mkienda kwa sheikh wa wilaya mwelezeni yote bila kupunguza. Kama kuna safari iliyopangwa au kuna mtu aliyetishiwa, nendeni polisi pia. Najua ni neno zito kwa dada. Sheria ya ugaidi ya nchi hii ni kali na mtu akishavuka mpaka ni vigumu kumsaidia, lakini aliyezuiwa kituo cha basi bado ana maisha mbele yake. Klipu zenyewe usizisambaze, hata kwa nia ya kuwaonyesha watu ubaya wake. Zinaweza kukuingiza matatani wewe.

Kwa barua yako, sioni kama amefika huko. Ninaona kijana wa miaka 22 aliyepata mwamko wa dini na mwalimu mbaya kwa wakati mmoja. Katika gereji ile ya Arusha jua alikuwa na nani, na Ijumaa alikuwa akiswali wapi. Ukipata jibu la hayo mawili niandikie tena, nitakuelekeza kwa mwalimu aliye karibu nanyi hapo Moshi anayeweza kukaa naye baada ya Isha.